Cucumber ndani ya Spring Boot: kijani bila kujaribu kitu

Leo ni ya mafundi wa Java, wengine mnisamehe. Kuna ugomvi wa maktaba unatokea ukiweka Cucumber na Spring Boot nyumba moja. Mimi ulinigharimu, ndiyo maana naandika.

Asili kwa kifupi. Mtindo wa kuipima programu kwa tabia yake uliletwa na Dan North, aliyeanza kuandika JBehave mwaka 2003. Cucumber ikaja 2008 kutoka kwa Aslak Hellesøy, kwanza kwa Ruby, ya Java ikafuata. Unaandika kisa kwenye faili la .feature kwa mistari ya Given, When na Then: hali ilivyo, kinachofanyika, kinachotakiwa kutokea. Kila mstari unafungwa kwenye metodi ya Java. Raha yake ni kwamba hata mwenye duka asiyejua kuprogramu anasoma na kukwambia "hapana kijana, punguzo letu siyo hivyo".

Sasa kisa changu. Nilikuwa na mfumo mdogo wa mauzo wa duka la jumla, Spring Boot 2.3, Cucumber ikiendeshwa kwa JUnit 4, ile ya @RunWith(Cucumber.class). Nikapandisha Spring Boot hadi 2.4. Maven ikaandika BUILD SUCCESS, nikaenda kulala. Baada ya siku nne simu: punguzo linakatwa mara mbili, na mizigo imeshaondoka! Kisa cha punguzo kilikuwepo kwenye .feature. Kumbe hakikuendeshwa kabisa, wala vingine vyote.

Ilikuwaje? Spring Boot 2.4, iliyotoka Novemba 2020, iliondoa injini ya Vintage kwenye spring-boot-starter-test. Vintage ndiyo inayoendesha majaribio ya JUnit 4 juu ya JUnit 5. JUnit 4 yenyewe bado ipo kwa sababu cucumber-junit inaivuta, kwa hiyo Java haikulalamika. Lakini Surefire ikiona JUnit 5 ipo inaikabidhi kazi, nayo haina injini ya kuielewa @RunWith, basi inapita tu. Hakuna kosa, hakuna onyo. Kilichobadilika ni namba ya "Tests run", kutoka 46 kuwa 19, na jamani nani huwa anaisoma ile?

Dawa ya haraka ni kurudisha junit-vintage-engine. Ya kudumu ni kuhama: toa cucumber-junit, weka cucumber-junit-platform-engine na junit-platform-suite. Darasa la kuendeshea linabeba @Suite, @IncludeEngines("cucumber") na @SelectClasspathResource yenye folda ya visa. Kwa Spring ongeza cucumber-spring, halafu darasa moja lenye @CucumberContextConfiguration na @SpringBootTest, likae kwenye pakeji moja na hatua zako. Moja tu, ukiweka mawili inagoma.

Ukishahama unaweza kupigwa na NoSuchMethodError au NoClassDefFoundError kutoka org.junit.platform. Usiogope. Cucumber mpya imejengwa kwa JUnit mpya, wakati Spring Boot yako imeshapanga toleo la zamani, na mpango wa mzazi unashinda. Uliza mti:

mvn dependency:tree -Dincludes=org.junit.platform

Kwenye familia ya JUnit 5, Jupiter 5.10 inakwenda na Platform 1.10, na kuendelea hivyo hivyo. Ukiona 1.8 na 1.10 zimechanganyika, mchawi ni huyo. Kama unatumia spring-boot-starter-parent, usihangaike kuandika toleo kwenye kila maktaba, badilisha junit-jupiter.version kwenye properties, familia nzima inafuata. Watu wa Gradle, dependencyInsight inaonyesha nani kamleta nani.

Na mradi wa zamani angalia info.cukes. Kuanzia toleo la 2 Cucumber ilihamia io.cucumber, na kwa Maven hizo ni maktaba mbili tofauti, haijui kwamba ni mtu yule yule kabadilisha jina. Inazileta zote mbili. Futa info.cukes yote.

Kuna jamaa watasema weka failIfNoTests kwenye Surefire. Weka, lakini mimi isingenisaidia, maana yale 19 yalikuwepo, hayakuwa sifuri. Ninachofanya sasa nikipandisha toleo lolote: naharibu kisa kimoja makusudi, naandika punguzo ni 90 badala ya 10, naendesha. Isipokuwa nyekundu, sipeleki kitu kwa mteja.

Aliyekwama abandike mti wake hapo chini tuuangalie pamoja.