Mkate wa Waterford Uitwao Blaa

Ndugu msikilizaji, mikate midogo ya ngano iko mingi duniani. Lakini mji wa Waterford, kusini-mashariki ya Ayalandi, una mkate wake uitwao blaa. Husemwa kwamba uliletwa na Waprotestanti wa Ufaransa, waliokimbia kwao baada ya mfalme Louis wa 14 kuwanyima uhuru wa dini mwaka 1685.

Je, utautambuaje? Kwanza, mwokaji hufinyanga madonge kwa mkono. Pili, huyapanga karibu karibu. Yakiumuka hugusana, ndipo mkate hupata pembe ubavuni na mviringo juu. Tatu, huyanyunyizia unga mkavu kabla ya kuyatia tanurini, na uso wake hutoka mweupe. Nne, hauna dawa ya kuuhifadhi. Huokwa usiku, ukaliwa asubuhi.

Jina likiachwa wazi, hata mwenye kiwanda cha mbali angelitumia kuuzia mkate wake. Basi waokaji waliomba ulinzi wa sheria, na mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliamua kuwa jina la blaa ya Waterford ni la mkate uokwao Waterford na upande wa kusini wa Kilkenny tu.

Kumbuka basi, ndugu: ujuzi wa mikono nao ni mali, na mali hulindwa.