Kuuandaa Moyo Kabla ya Misa Takatifu

Maandalizi ya kuingia mbele ya Mungu huanza nyumbani. Kanuni ya 919 ya Sheria za Kanisa humtaka anayepokea Komunyo Takatifu afunge chakula na kinywaji kwa saa moja kabla. Maji na dawa havivunji mfungo huo, na wazee, wagonjwa na wanaowahudumia hawabanwi nao. Mwenye dhambi ya mauti hutangulia kwenye Kitubio.

Mfungo wa tumbo ni mwepesi. Kule Mang'ola, katika bonde la Ziwa Eyasi, vitunguu hustawi kwa maji ya mifereji, na zamu ya maji ikikiukwa majirani huweza kununiana msimu mzima. Katika Mathayo 5:23-24 Kristo anaagiza sadaka iachwe mbele ya altare hadi mtu apatane na ndugu yake. Tuitazame vema aya hiyo: inamhusu yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Basi aliyeyageuza maji usiku ndiye wa kwanza kupiga hodi kwa jirani, na afanye hivyo kabla ya Jumapili. Hapa wengi tunakwama, mapadre tukiwamo.

Akishapatana, aingie kanisani mapema, akae kimya kabla ya wimbo wa mwanzo.