Robo wati uani

Ramani za reli za Tanganyika za kabla ya Vita Kuu ya Pili zina kituo cha mwisho ambacho leo hakuna abiria anayeweza kukikatia tiketi: Kinyangiri. Mchepuko ulitoka Manyoni, ukapita Singida, ukaishia huko Iramba, kwa matumaini kwamba mazao ya wakulima yangejaza mabehewa. Hayakujaa. Katika miaka ya 1940 njia ilifungwa na vyuma vyake vikang'olewa.

Ndiyo maana Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, Kinyangiri haikuwa na treni wala umeme. Redio ilikuja juu ya lori. Betri yake nayo ilikuja juu ya lori, na bei ya betri hiyo ndiyo iliyoamua ni valvu gani, yaani kichupa cha kioo cha kukuza sauti, ikae na spika gani.

Leo ukiwasikiliza wapenzi wa muziki wa nyumbani wa Tokyo au Paris wakibishana kuhusu amplifaya za valvu, utadhani jambo lenyewe ni la matajiri tangu mwanzo. Mtu ananunua valvu ya 300B, iliyotengenezwa na Western Electric ya Marekani katika miaka ya 1930, ikiwa peke yake inatoa wati kama 8 tu, kisha anaitafutia spika ya honi yenye ukubwa wa kabati la nguo. Wati 8! Sabufa ya dukani inajitangaza kwa maelfu. Lakini siri haiko kwenye wati peke yake, iko kwenye wepesi wa spika. Spika hupimwa kwa kupewa wati 1 na kusikilizwa umbali wa mita 1. Nyingine hutoa desibeli 84, nyingine 96, na honi kubwa hupita 100. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai wati maradufu. Kwa hiyo spika ya 84 inahitaji nguvu mara 16 ili ilingane na ile ya 96.

Hesabu hiyo waliijua watu wa sinema kabla ya yeyote. Filamu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, amplifaya zilikuwa na wati chache na kumbi zilikuwa na watu mamia kwa mamia, na kilichoziokoa ni honi. Afrika Mashariki nayo iliionja teknolojia hiyo mapema kuliko wengi wanavyodhani: kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu uliojulikana kwa kifupi kama BEKE, wenye makao yake Vugiri katika milima ya Usambara, ulitengeneza filamu ambazo sauti yake ilikuwa kwenye santuri, ukazizungusha kwa lori katika makoloni ya Waingereza. Umeme wa kuendesha kila kitu ulipaswa kusafiri na lori hilohilo. Katika hali hiyo hakuna anayechezea wati.

Redio ya kijijini ilikuwa na ubahili zaidi. Mfano unaojulikana sana ulitoka kusini mwa mpaka, Rhodesia ya Kaskazini, ambako Harry Franklin, ofisa wa habari huko Lusaka, aliwashawishi watengenezaji wa betri za Ever Ready watengeneze redio ya mtu wa kawaida. Ilitoka mwaka 1949, ndani ya bakuli la alumini lililopakwa rangi ya buluu, ndiyo maana Waingereza waliipa jina la sufuria. Ilikuwa na valvu 4. Bei yake pauni 5, yaani shilingi 100 za Afrika Mashariki, na betri yake shilingi 25, ikidumu kama saa 300.

Ukifungua mgongo wa redio ya betri ya enzi hizo, kitu cha kwanza kinachojaza macho ni hiyo betri yenyewe, nzito kama tofali, yenye volti 90 za kusukuma sauti na volti 1.5 za kupasha nyuzi za valvu. Juu yake zimesimama valvu zenye ukubwa wa kidole gumba, vioo vitupu, miguu 7 ya waya. Hazing'ari kama taa, kwa sababu zimetengenezwa zisile moto mwingi. Gizani utaona wekundu hafifu tu, kama ncha ya udi unaokaribia kuzimika. Ya mwisho kwenye mstari, kwa kawaida DL92 au ndugu yake, ndiyo inayoisukuma spika. Nguvu yake yote kwa volti 90 ni wati 0.27.

Robo wati, basi.

Sasa valvu hiyo inataka kuona mzigo wa omu 8,000 mbele yake, na koili ya spika ina omu 3. Ukiziunganisha moja kwa moja utasikia mnong'ono. Katikati huwekwa transfoma ndogo yenye mizunguko takriban 50 upande wa valvu kwa kila mzunguko 1 upande wa spika, na mkwaruzano huo unageuka kuwa maelewano. Kisha spika: karatasi nyembamba inayotikisika ukiipuliza, koili nyepesi, sumaku kali. Karatasi kama hiyo haiwezi kupiga besi ya kutetemesha bati, lakini sauti ya mtangazaji inafika hadi kwenye mafiga. Kama mtengenezaji angeweka spika nzito ya desibeli 84 badala ya 96 na kutaka sauti ileile, valvu ya mwisho ingedaiwa nguvu mara 16, na betri ingekwisha mapema zaidi. Mwalimu au mwenye duka angesikiliza taarifa ya habari kwa muda mfupi zaidi, halafu angetafuta tena shilingi 25 na lori la kuleta betri nyingine.

Vumbi la Singida lilikuwa adui wa karatasi hizo. Likiingia kwenye upenyo kati ya koili na sumaku, spika hukwaruza, na wati ulizozilipia huishia kwenye msuguano.

Kisha ikaja transista, iliyobuniwa katika maabara za Bell mwishoni mwa 1947, na katika miaka ya 1960 redio za mawe ya tochi zikaenea. Hazikuhitaji nyuzi za kupashwa moto, na mafundi wengi waliziunda ili zile umeme kidogo sauti ikiwa ndogo. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchini kote, walichokizunguka hakikuwa tena betri ya volti 90. Spika ilikuwa bado nyepesi, maana kikundi kizima kilitegemea redio moja, na mawe hayakuwa ya bure.

Wepesi huo ulipotea baadaye, umeme na wati za bei nafuu zilipofika. Kwenye boksi la sabufa utakuta wati 5,000 zimeandikwa kwa herufi kubwa, zikifuatiwa na P.M.P.O., kipimo cha kilele cha nguvu ambacho mwandishi wa makala haya anakihesabu katika fani ya ushairi. Ndani yake kuna spika ndogo nzito zinazokula nguvu na kuirudisha zaidi kama joto, ila besi wanayoitaka vijana ipo, na kwa hilo lazima sabufa ipewe haki yake.

Iliyobaki na desturi ya zamani ni honi ya mnarani. Bomba lake limekunjwa ndani kwa ndani ili njia ndefu itoshee umbo fupi, na kwa wati 1 hutoa desibeli zaidi ya 100 mbele yake. Ndiyo iliyobeba hotuba za mikutano ya hadhara kutoka juu ya Land Rover, amplifaya ikila betri ya gari, na ndiyo inayobeba adhana na matangazo ya kanisani hadi leo. Fundi anayeifunga bado anaangalia nyuma ya amplifaya, anasoma matundu ya omu 4, 8 na 16, anachagua, anakaza skrubu, kisha anashuka ngazi aende kusikiliza akiwa mbali, upande wa shamba la alizeti.