Kilimambogo, Mlima Usio wa Thika

Ukisimama Thika ukatazama upande wa mashariki, juu ya mashamba ya mananasi, utauona mlima wa Kilimambogo umekaa peke yake. Kilele chake kiko mita 2,145 juu ya usawa wa bahari. Watu wa Thika wanauona kila asubuhi isiyo na ukungu, ila kiutawala uko Machakos.

Mto Athi unaupitia kando, na kwenye maporomoko ya Fourteen Falls maji yanajigawa kwa kishindo. Humo mna maji ya Ruiru pia, kwa kuwa mto Ruiru huishia Athi, kisha yote huteremka hadi Sabaki na kumwagika baharini karibu na Malindi. Mito ya Chania na Thika ina njia nyingine: huingia Tana. Miji ya Ruiru na Thika imekaribiana hivyo, na mito yake haikutani.

Kwa Wakikuyu mlima huu ni Kĩa Njahĩ, mmoja wa milima anayotua Ngai pamoja na Kirinyaga, Nyandarua na ule wa Ngong. Ni mlima wa mvua kubwa, ile mvua ya masika inayopandiwa njahi, maharagwe meusi anayopikiwa mama aliyejifungua. Wamaasai waliuita Ol Doinyo Sabuk, yaani mlima mkubwa. Kiswahili kikawataja mbogo, na hao bado wamo.

Halafu akaja William Northrup McMillan, tajiri wa Marekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872. Alikuwa na shamba Juja, kati ya Ruiru na Thika, ambako alimkaribisha Theodore Roosevelt mwaka 1909. Mlima nao ukaingia katika milki yake. Alipofariki mwaka 1925, alitakiwa azikwe kileleni. Lakini McMillan alikuwa pande la mtu, na njia ni mwinuko mtupu. Inasimuliwa kuwa trekta lililovuta jeneza lilishindwa njiani, waombolezaji wakachimba kaburi pale pale lilipokwama. Baadaye mkewe Lucie na mtumishi wao Louise Decker walizikwa hapo pia. Maktaba ya McMillan jijini Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1931, ndiyo kumbukumbu yake nyingine. Kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu tu.

Mwaka 1967 mlima ukawa hifadhi ya taifa, na msitu ukanusurika huku mashamba yakiuzunguka. Wageni wengi hupanda kwa ajili ya kaburi. Mimi naona wanaanzia katikati ya hadithi: mtu aliomba mvua akiuelekea mlima huu kabla Juja haijawa shamba la mtu.

Kutoka lango kuu hadi kileleni ni kama kilomita tisa, na kaburi liko kwenye ya saba hivi. Anayekwenda kwa miguu huambatana na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu ya mbogo.