Sheria Namba 13, pacha aliyesahaulika

Muulize Mtanzania yeyote mwenye simu kuhusu sheria za mitandao za mwaka 2015, atakutajia moja tu. Ni ile inayofunga watu kwa sababu ya walichoandika Facebook, ile ambayo msimamizi wa kundi la WhatsApp huwakumbusha wenzake kila video isiyojulikana ilikotoka inapotumwa. Hiyo ni Sheria ya Makosa ya Mtandao, namba 14. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ilizaliwa na pacha wake, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, namba 13, katika Bunge lilelile la Dodoma, zote zikatiwa saini na Rais Jakaya Kikwete.

Namba 14 ilitutia hofu. Namba 13 ilibadilisha jambo moja kubwa bila kelele: iliupa ujumbe wa simu uzito mbele ya hakimu. Ili kuelewa ukubwa wa jambo hilo, inabidi turudi nyuma sana.

Sheria ya Ushahidi tunayoitumia ilitungwa mwaka 1967. Kabla yake Tanganyika ilikuwa ikitumia Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872, kazi ya Mwingereza James Fitzjames Stephen, na sheria yetu ya 1967 ilirithi mengi kutoka huko. Kwa watu wa zama zile, hati ilikuwa karatasi. Unataka kuthibitisha deni? Leta hati yenyewe, si nakala yake, na kama huna ile yenyewe, eleza imepotelea wapi. Kanuni hiyo ilikuwa na busara yake, kwa kuwa mtu akinakili hati kwa mkono anaweza kuongeza sifuri moja. Lakini kwenye kompyuta, hati yenyewe ni ipi? Ni ile iliyo kwenye mashine, au iliyoonekana kwenye kioo, au karatasi iliyotoka kwenye printa? Kanuni ya karne ya 19 haikuwa na jibu.

Swali hilo lilitua Mahakama Kuu, Kitengo cha Biashara, Dar es Salaam, mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank Tanzania dhidi ya kampuni ya Le-Marsh Enterprises. Zilitolewa karatasi zilizochapwa na kompyuta ya benki, pingamizi likawekwa. Sheria ilizungumzia vitabu vya benki, na kitabu ni kitabu. Jaji Harold Nsekela angeweza kujificha nyuma ya neno hilo, na kisheria asingelaumiwa sana. Alichagua kusoma maana kuliko herufi. Benki za zama hizi, aliona, zimehamishia vitabu vyake ndani ya kompyuta, kwa hiyo kilichochapwa humo nacho ni kitabu cha benki. Karatasi zikapokelewa.

Naiheshimu sana hukumu ile. Hata hivyo ilikuwa mlango mdogo. Ilizihusu benki, na mwaka 2000 Watanzania wengi hawakuwa na akaunti benki. Bunge lilipoamka mwaka 2007 likaongeza kifungu cha 40A kwenye Sheria ya Ushahidi, ambacho kiliruhusu kumbukumbu za kompyuta pamoja na sauti na picha zilizorekodiwa, lakini katika kesi za jinai. Mtu anayedai fedha zake katika kesi ya madai hakupata chochote hapo. Majaji waliendelea kujipigia hesabu wenyewe. Kesi moja ya kibiashara iliyofunguliwa Arusha mwaka 2008 iligota kwenye swali kama barua pepe ni ushahidi au la.

Mwaka huohuo wa 2008, Vodacom ilianzisha M-Pesa nchini, mwaka mmoja baada ya Kenya. Hapo ndipo mambo yalipobadilika kwa kasi. Fedha ambazo hazikuwahi kupita benki zikaanza kupita kwenye simu: kodi ya chumba, ada ya shule, mtaji wa mchicha wa alfajiri, matanga. Mkataba mzima wa biashara ukawa ni meseji tatu: nitumie, nimetuma, nimepata. Karatasi haikuwepo, wala shahidi wa kusimama akasema niliona fedha zikihesabiwa.

Wezi nao waliusoma wakati. Kila mwenye laini anaujua ule ujumbe: ile hela nitumie kwenye namba hii. Hauna jina la mtu wala kiasi. Ulitumwa kwa maelfu, na ulifanya kazi kwa sababu ya ukweli mmoja wa maisha yetu: katika nchi hii karibu kila mtu anadaiwa na mtu. Mpangaji aliyekuwa akitafuta kodi wiki nzima anapopata meseji kama hiyo jioni, haulizi maswali. Anadhani ni mwenye nyumba amebadilisha namba. Hapo mwizi hajavunja mlango wala nywila ya mtu. Ameingia kupitia uaminifu wa mtu anayetaka kulipa deni lake.

Kanuni ya Adhabu ya mwaka 1945 ilikuwa na kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, na waendesha mashtaka walilitumia. Lakini kwenye wizi wenyewe ilikwama, maana kitu kinachoweza kuibwa, kwa maelezo yake, ni kitu kinachohamishika. Mtu aliyeingia kwenye mfumo wa kampuni, akanakili taarifa za wateja na kuziacha palepale zilipokuwa, amehamisha nini? Mwaka 2010 ilikuja sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta, EPOCA, iliyolazimisha laini zote zisajiliwe. Usajili wenyewe ulifanyika chini ya miavuli ya barabarani, na laini iliyosajiliwa kwa jina la mtu mwingine ilinunulika kama karanga.

Kwa hiyo sheria za 2015 zilihitajika. Nalisema hili waziwazi kwa sababu baadhi ya watetezi wa haki husimulia kana kwamba zilitungwa kwa ajili ya kuwanyamazisha watu tu. Namba 14 iliyataja waziwazi makosa ya zama za mtandao: kuingia kwenye mfumo bila ruhusa, kujifanya mtu mwingine, picha za ngono za watoto. Hayo yalikuwa ya lazima.

Kisha kulikuwa na kifungu cha 16. Anayechapisha taarifa anayojua ni ya uongo, ya kupotosha au isiyo sahihi, kwa nia ya kudanganya umma au kutukana, faini yake haipungui shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 32 kikampa polisi uwezo wa kudai taarifa za watumiaji. Sheria ilianza kutumika Septemba 1, 2015, na uchaguzi mkuu ulikuwa Oktoba 25. Siku nne baada ya kura, polisi, wakidai sheria hiyo imevunjwa, waliingia kwenye kituo cha waangalizi wa uchaguzi Dar es Salaam, wakakamata watu 36 na kuchukua kompyuta na simu. Machi 2016 shirika la Marekani la MCC lilisitisha msaada wa dola milioni 472, likitaja uchaguzi wa Zanzibar na sheria hii kwa jina. Kampuni ya Jamii Media ilikipinga kifungu cha 32 Mahakama Kuu, ikashindwa Machi 2017. Mmoja wa waanzilishi wake, Maxence Melo, alitiwa hatiani Aprili 2020 kwa kuzuia upelelezi wa polisi.

Hayo yote yanastahili kukumbukwa. Ila yalimfunika pacha.

Namba 13 inasema ujumbe wa kielektroniki usikataliwe mahakamani kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Inakubali mkataba uliofungwa kwa simu, inakubali saini ya kielektroniki, na iliiongezea Sheria ya Ushahidi kifungu cha 64A, kinachokubali ushahidi wa kielektroniki katika shauri lolote, la jinai au la madai. Ile kazi iliyoanzwa na Jaji Nsekela kwa karatasi za benki ikavuka mipaka ya benki. Sheria haisemi kila meseji iaminiwe. Inamtaka hakimu aangalie ujumbe ulitengenezwaje, ukahifadhiwaje, kama haujaguswa tangu hapo, na aliyeutuma anatambulikaje. Ni maswali yaleyale ambayo mama muuza dagaa angeyauliza akiletewa noti anayoitilia shaka.

Kwa nini basi haijulikani? Sababu moja ni lugha. Sheria zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza, miaka sita kabla ya Bunge kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria mwaka 2021. Namba 14 ilijitafsiri yenyewe kwa pingu, kila kesi ikisomwa redioni. Namba 13 haikuwa na pingu za kuonyesha.

Sababu nyingine inakaa mahali ambapo wanasheria wa mjini hawafiki mara kwa mara. Madai madogo, yale ya shilingi laki mbili au tatu za mkopo wa jirani, huishia Mahakama ya Mwanzo, na Sheria ya Ushahidi, pamoja na hicho kifungu chake kipya cha 64A, haitumiki huko. Mahakama za Mwanzo zina kanuni zake za ushahidi, zilizotungwa mwaka 1964, miaka mitatu kabla ya Sheria ya Ushahidi yenyewe. Namba 13 haikuzifuta. Anayedai fedha zake huenda pale bila wakili, anasimama, anafungua simu yenye kioo kilichopasuka, anatafuta meseji ya muamala akiomba betri isizime, na kumnyooshea hakimu.