Programu Asilia na Tabaka Patanishi: Habari za Kazi ya Lugha za Singida

Mkoa wa Singida una lugha za asili mbalimbali. Kinyaturu, kiitwacho pia Kirimi, na Kinilamba ni lugha za Kibantu. Kidatooga ni cha jamii ya Kinilo. Na upande wa Mkalama, kuelekea Ziwa Eyasi, wako Wahadza, ambao lugha yao yenye konsonanti za kidoko haijathibitishwa kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Habari za lugha hizi zilianza kuandikwa zamani. Frederick Johnson, aliyekuwa Katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya kusanifisha Kiswahili, alichapisha pia maelezo na hadithi za Kinilamba katika jarida la Bantu Studies. Mwaka 1964 Howard Olson alitoa uchambuzi wa fonolojia na mofolojia ya Kirimi. Kazi hizo zi karatasini, na mwenye macho na elimu huzisoma bila ya kuhitaji kitu cha tatu.

Mambo yalibadilika pale rekodi za lugha zilipoanza kuwekwa katika kompyuta. Shirika la SIL lilitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1980 programu iliyoitwa Shoebox, yaani boksi la viatu, kwa sababu wanaisimu wengi walikuwa wakitunza vikaratasi vyao vya msamiati humo. Mrithi wake, Toolbox, aliandikwa kwa ajili ya Windows. Basi mtafiti aliyechagua Linux, mfumo endeshi huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, alijikuta ana mfumo usio na gharama ya leseni lakini hawezi kuifungua kamusi yake mwenyewe.

Dawa iliyopatikana ni Wine, iliyoanza mwaka 1993. Jina lake ni kifupisho cha sentensi ya Kiingereza inayokana kwamba chombo hiki ni mwigo wa kompyuta nyingine, na ukanushi huo ni wa haki. Programu ya Windows inapoomba kufunguliwa dirisha au kusomewa faili, Wine hulipokea ombi hilo na kulitimiza kwa njia za Linux, mfano wa mkalimani wa mahakamani ambaye hahukumu wala hashtaki. Ndiyo maana hapa chombo cha namna hii kinaitwa tabaka patanishi, na programu iliyoandikwa moja kwa moja kwa ajili ya mfumo wake inaitwa programu asilia. Kazi ya ukalimani huo si ndogo: toleo la 1.0 la Wine lilitoka mwaka 2008, baada ya miaka 15. Kwa njia hiyo SIL iliweza kuwapa watumiaji wa Linux Toolbox ileile ya Windows.

Wapinzani wa tabaka patanishi husema kwamba humfanya mwandishi wa programu kuwa mvivu. Mfano wao mashuhuri ni OS/2 ya IBM, ambayo tangu 1992 iliweza kuendesha programu za Windows. Wengi wakaona hakuna haja ya kuiandikia OS/2 programu zake yenyewe, na mfumo ule ukafifia. Kadhalika kampuni ya Corel ilitoa WordPerfect 8 ikiwa asilia kwa Linux mwaka 1998, kisha toleo la mwaka 2000 likategemea Wine, na haukupita muda mrefu Corel ikaachana na Linux kabisa. Hoja hii ina uzito, ijapokuwa imetiwa chumvi: OS/2 ilikuwa na maradhi mengine, na fedha za Corel nazo zilikuwa zimepungua.

Kwa wanaisimu wa Kiswahili iko hoja nyingine iliyo karibu zaidi. Programu inayopitia Wine huja na lugha yake. Tabaka hupatanisha maombi, halitafsiri maneno. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Sweden katika mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyokuwa asilia kwa Linux na yenye maelezo ya Kiswahili. Jambo hilo liliwezekana kwa kuwa msimbo wa OpenOffice ulikuwa wazi tangu 2000. Ilibidi istilahi zitafutwe, zijadiliwe, zipangwe. Na kazi ya namna hiyo haikuwa na mlango katika Toolbox.

Hata hivyo uasilia peke yake haukutosha. Toleo lile la kwanza la Jambo lilitangulia umbo wazi la nyaraka la ODF, lililoidhinishwa mwaka 2005, na pia faili za .docx zilizokuja na Microsoft Office ya 2007. Anayeliendesha leo kama lilivyotoka hawezi kusoma barua aliyotumiwa jana. Toolbox, mgeni anayeishi kwa hisani ya mkalimani, bado hufunguka. Kilichoamua hapa si asili ya programu bali kama wako watu wanaoendelea kuitunza. Praat, ambayo Paul Boersma na David Weenink wa Amsterdam wamekuwa wakiitoa ikiwa asilia kwa kila mfumo mkubwa, imedumu kwa sababu hiyohiyo, na mchunguzi wa toni za Kinyaturu huitumia katika Linux bila ya tabaka lolote.

Lakini liko jambo ambalo wabishi wa pande zote mbili hulipita haraka mno. Faili ya Toolbox ni matini ya kawaida. Kila mstari huanza na alama ya mkwaju ulioegemea nyuma: \lx kwa kidahizo, \ps kwa aina ya neno, \ge kwa fasiri ya Kiingereza. Programu yoyote ya kuandikia huifungua, Wine iwepo isiwepo. Shida imo ndani ya herufi zenyewe. Kabla ya Unicode kuenea, alama za kifonetiki ziliingizwa kwa fonti maalumu zilizochora alama hizo mahali pa herufi nyingine. Fonti ikikosekana, alama ya kidoko cha Kihadza hugeuka kuwa herufi ya Ulaya isiyohusika, na Wine, ambayo imefanya kazi yake kikamilifu, huionyesha herufi hiyo kwa uaminifu. Kuirudisha rekodi kama hiyo kunahitaji jedwali la ubadilishaji, na jedwali hilo hutungwa na mtu aijuaye fonti ya zamani na lugha yenyewe pia; naye kwa kawaida ni yuleyule aliyekwenda uwandani kuikusanya.