Maoni ya mtandaoni kuhusu kampuni za kupiga mbizi

Maoni ya mtandaoni kuhusu kampuni za kupiga mbizi ni maelezo mafupi ya wateja, pamoja na alama za nyota, juu ya kampuni zinazowapeleka watalii na wanafunzi chini ya maji kwa mitungi ya hewa. Huwekwa katika tovuti kama Tripadvisor, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000, na katika ramani za Google. Mtalii anayetaka kupiga mbizi Nungwi, Mafia, Watamu au Diani kwa kawaida huyasoma kabla ya kuchagua kampuni, mara nyingi akiwa bado kwao.

Kuyapima maoni hayo si sawa na kupima maoni ya mgahawa. Aliyekula chakula kibaya anajua kwamba amekula chakula kibaya. Mpiga mbizi anaweza kupandishwa juu upesi kupita kiasi, au kuvuta hewa iliyochanganyika na moshi wa injini, au kuwekwa katika kundi kubwa mno chini ya mwalimu mmoja, kisha akatoka majini akicheka na kutoa nyota tano. Hatari ilikuwepo, ila siku hiyo haikuzaa ajali.

(Neno "kuzamia" hutumika pia, lakini Tanzania lina maana nyingine ya kusafiri kwa kujificha melini. Makala hii inatumia "kupiga mbizi".)

Wanaoandika

Upigaji mbizi wa mtungi ulianza kuenea baada ya Wafaransa Jacques Cousteau na Émile Gagnan kutengeneza kifaa chao cha kuvutia hewa mwaka 1943. Mafunzo hutolewa chini ya mashirika kama CMAS (1959), PADI (1966) na SSI (1970). Mwenye cheti cha kwanza hushauriwa asipite kina cha mita 18. Asiye na cheti, anayejaribu tu akiwa na mwalimu, huishia mita 12.

Sehemu kubwa ya wateja katika fukwe za watalii ni watu wa makundi hayo mawili. Mtu aliyepiga mbizi mara mbili katika maisha yake, zote na kampuni moja, hana cha kulinganisha. Anachoweza kueleza kwa haki ni kama alipokelewa vizuri, kama chombo kiliondoka kwa wakati, kama chai ilikuwa ya moto na kama alimwona kasa. Kwa hiyo jambo la kwanza la kutafuta katika maoni ni uzoefu wa mwandishi. Anayetaja kwamba amepiga mbizi mara 150 katika nchi kadhaa anastahili kusikilizwa kuliko wageni kumi waliofurahi, hata kama alama yake ni nyota tatu.

Maoni ya kughushi

Baadhi ya maoni huandikwa na wenye kampuni, jamaa zao, washindani wao au watu wanaolipwa. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walikusanya maoni 400 ya kweli na 400 ya uongo kuhusu hoteli za Chicago. Wasomaji wa kawaida walishindwa kuyatenganisha, wakawa kama wanaobahatisha, ilhali programu ya kompyuta ilifaulu kwa karibu asilimia 90. Msomaji anayejiamini kwamba "ananusa" uongo hana budi kuukumbuka utafiti huo.

Mwaka 2017 mwandishi wa habari Oobah Butler aliandikisha kibanda cha bustani yake jijini London kama mgahawa katika Tripadvisor. Kwa maoni ya kubuni ya marafiki zake, kibanda hicho kilifika nafasi ya kwanza kati ya migahawa yote ya London bila kupika sahani hata moja. Mwaka 2018 mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu kifungo cha miezi tisa mtu aliyekuwa akiuza maoni ya uongo kwa wafanyabiashara.

Uongo unategemea pia namna tovuti inavyofanya kazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 ulilinganisha Tripadvisor, ambapo yeyote aliweza kuandika, na Expedia, ambapo aliyenunua pekee ndiye aliyeandika. Hoteli yenye mshindani jirani ilikuwa na maoni mabaya mengi zaidi pale palipokuwa wazi kwa wote. Somo hilo linahusu moja kwa moja ufuo wenye kampuni tano za kupiga mbizi zilizopangana.

Sheria zimeanza kufuata. Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo mwaka 2019, likaanza kutumika Mei 2022. Nchini Marekani kanuni ya kukataza maoni ya uongo ilianza kufanya kazi Oktoba 2024. Kanuni hizo hazimfikii kwa urahisi mwenye boti aliyeko nje ya nchi hizo.

Maoni ya kweli yanayopotosha

Uongo wa makusudi si tatizo kubwa kuliko yote. Maoni mengi yameandikwa kwa nia njema na bado yanampoteza msomaji.

Mfano wa kawaida ni sifa ya haraka. "Tulimaliza kozi yote kwa siku mbili, mwalimu hakutuchosha na mambo ya darasani." Kozi ya kwanza kwa kawaida huchukua siku tatu au nne, kwa kuwa mwanafunzi hujifunza kuondoa maji katika miwani, kutafuta kifaa cha hewa kilichomtoka mdomoni na kupanda juu polepole. Aliyeruka hayo hajui alichokosa. Vivyo hivyo na "walituamini wakatushusha mita 35 ingawa cheti chetu ni cha mita 18". Aliyeandika anatoa shukrani, lakini msomaji mwangalifu anasoma ushahidi dhidi ya kampuni.

Kinyume chake, malalamiko mengine ni sifa. Mteja anakasirika kwa sababu alikataliwa kushuka baada ya kuandika kwenye fomu ya afya kwamba ana pumu, akatakiwa kwanza alete barua ya daktari. Mwingine anatoa nyota moja kwa kuwa safari ilifutwa asubuhi kutokana na upepo, na hakurudishiwa nauli ya teksi. Wa tatu analalamika kwamba alirudishwa kwenye maji ya kina kifupi arudie mazoezi kwa kuwa hakuwa amepiga mbizi kwa miaka minne. Kampuni zote tatu zilikubali kupoteza fedha au sifa kuliko kumhatarisha mteja. Maoni ya aina hii ni vigumu kuyaghushi, maana hakuna anayejisifu kwa njia hiyo, na mshindani anayetaka kuchafua jina hawezi kuyafikiria.

Malalamiko kuhusu maji machafu, au kutoonekana kwa pomboo, yanahusu bahari. Lakini malalamiko ya vifaa, kama jaketi la kuelea linalovujisha hewa au kipimo cha mtungi kisichosogea, yapewe uzito hata yakiwa mawili tu kati ya mia. Pengine zito kuliko yote ni lile la hewa yenye ladha au harufu ya mafuta. Linaweza kuashiria kwamba kompresa inavuta moshi wa injini, na pamoja na moshi huja monoksidi ya kaboni, gesi ambayo yenyewe haina harufu. Katika kina cha mita 20 shinikizo ni mara tatu ya lile la juu, na shinikizo la gesi hiyo katika hewa inayovutwa huongezeka kwa kiasi hicho hicho. Wateja wawili wasiojuana waliosema wameumwa kichwa baada ya kupiga mbizi katika wiki moja ni habari kubwa, hata kama wote wawili walidhani ni jua.

Jambo jingine ni tarehe. Waalimu wengi wa fani hii huhama kila msimu, na kampuni huuzwa jina likabaki. Maoni ya miaka mitatu iliyopita yanaweza kuwa yanamsifu mtu ambaye sasa yuko Misri.

Yasiyoonekana na mteja

Tarehe 25 Januari 1998 Wamarekani wawili, mume na mke, Tom na Eileen Lonergan, waliachwa baharini katika Miamba Mikubwa ya Matumbawe ya Australia kwa sababu abiria walihesabiwa vibaya. Kutoweka kwao kuligunduliwa siku mbili baadaye, na hawakupatikana kamwe. Tarehe 2 Septemba 2019 boti ya wapiga mbizi iliyoitwa Conception iliungua usiku karibu na kisiwa cha Santa Cruz, California, wakafa watu 34 waliokuwa wamelala chini ya sitaha. Uchunguzi ulionyesha kwamba hapakuwa na mlinzi wa kuzunguka usiku, ingawa alitakiwa kuwepo. Abiria aliyelala hawezi kuandika kama mlinzi alikuwa macho.

Kwa hiyo maswali mengine hayajibiwi na nyota, bali kwa kuuliza moja kwa moja: je, chomboni kuna oksijeni ya huduma ya kwanza? Nani huita majina kabla ya kung'oa nanga? Mwalimu mmoja huchukua wangapi? Kwa wanaojaribu mara ya kwanza baharini, PADI huweka kikomo cha idadi kwa mwalimu mmoja. Namba ya mwalimu inaweza kuhakikiwa kwenye shirika lake. Kuna pia kiwango cha kimataifa cha ISO 24803 kinachoeleza mambo ambayo mtoa huduma anapaswa kutimiza.

Pwani ya Afrika Mashariki

Msomaji wa maoni ya huku aangalie mwezi. Wakati wa kaskazi, takriban Novemba hadi Machi, bahari huwa tulivu zaidi na maji huwa meupe. Kusi huvuma kwa nguvu kuanzia katikati ya mwaka, na masika ya Aprili na Mei huwafanya wengine wafunge kabisa. Huko Mafia, kusi ikizidi, wapiga mbizi hubaki ndani ya Ghuba ya Chole. Sifa za Februari hazimsaidii sana anayekuja Julai.

Mafia inajulikana pia kwa papa potwe, kati ya Oktoba na Machi. Watalii huogelea nao juu ya maji kwa miwani na mrija, si kwa mitungi. Kampuni inaweza basi kuwa na mamia ya nyota kwa ajili ya samaki huyo, na hizo zisiseme lolote kuhusu kompresa yake.

Zanzibar kuna tatizo la papasi. Mgeni hununua safari kwa kijana wa ufukweni, kijana humpeleka kwenye chombo chochote chenye nafasi, na jioni mgeni huandika maoni chini ya jina analolikumbuka. Majina yenyewe hufanana. Picha za chombo na jina la mwalimu ndizo zinazosaidia kujua anayezungumzwa ni nani hasa.

Kuna dokezo moja dogo la kutafuta katika maoni: mteja anasema aliulizwa siku ya kuondoka kwake. Nitrojeni hubaki mwilini baada ya kupiga mbizi, na shirika la DAN hushauri kusubiri angalau saa 12 kabla ya kupanda ndege baada ya mbizi moja, na saa 18 baada ya mbizi kadhaa. Hiyo ni pamoja na ndege ndogo za kutoka visiwani kwenda mbuga za wanyama, ambazo watalii wengi hupanda asubuhi inayofuata.